Jumanne: Sahau

Ratiba ilibandikwa mlangoni pa stoo ya mipira
kwa plasta nyeupe, ile ya kufungia vidonda,
maana Bi Haluwa alikuwa muuguzi kwanza,
kocha wetu baadaye, zamu ikimwachia.
Jumatatu: sevu, pokea, inua. Changanya.
Jumanne: sahau.
Jumatano: sahau.
Alhamisi: kumbuka.
Tulicheka. Tukasema huyu amekesha wodini,
usingizi ndio unaomwandikia.

Mimi sikuwa mtu wa kusahau.
Mimi Kache, binti wa mshona viatu wa Maweni,
nilitaka jambo nilishike leo, nilale nalo.
Ijumaa, kesho yake mechi na wasichana wa Gongoni,
nikaomba ufunguo, nikatoa mipira tisa,
nikasimama pembe ileile, mguu uleule mbele,
nikapiga sevu mia mbili.
Thelathini za mwanzo zilimezwa na wavu.
Ya sitini ikapita.
Kufika mia na ishirini mkono haukuwa wangu tena,
ulikuwa kinu cha posho, unameza, unatema,
na kila mpira unatua palepale, kwenye kifuu cha nazi
nilichokiweka kuwa shabaha.
Nilirudi bega linawaka, moyo umeshiba.
Nikamwambia mama: nimeshajua.

Mbeyu, wiki zote hizo, alikuwa aibu kumtazama.
Bi Haluwa hakumpa mpira mara mbili kwa namna moja:
sevu fupi, kisha pokea, kisha kimbia uinue,
kisha sevu ndefu kutoka pembe ya jua la machoni.
Akikaribia tu kuzoea, anahamishwa.
Katika mipira kumi, saba inapotelea kwenye mivinje,
na waokotaji ni sisi.
"Huyu atatuaibisha," nilisema,
wala sikupunguza sauti.

Jumamosi.
Upepo umegeuka, haukuwa huu wa jana.
Nikapewa sevu moja. Moja tu.
Halafu kupokea, kuanguka, kukimbia, kungoja,
hata nyingine ikafika nimekwisha kuwa mtu mwingine.
Hapakuwa na ya pili ya kusahihisha ya kwanza.
Mkono ukauliza: kifuu kiko wapi?
Wa kwanza, wavuni.
Wa pili ukatoka nje ukaangusha beseni la viazi karai.
Wa tatu niliushika nikaukodolea macho
kama mtu uliyemkuta harusini, uso unaujua,
jina limekimbia.

Mbeyu akasimama, akautazama wavu mara moja
kama mtu aliyezoea kuanza upya,
akaanza upya.
Pointi sita mfululizo.
(Tulifungwa hata hivyo. Gongoni walikuwa warefu.)

Jumapili bega limevimba. Hospitalini nikamkuta yeye.
Akanipa bahasha ndogo: vidonge viwili,
kutwa mara tatu, siku tano.
"Ukivinywa vyote thelathini usiku huu," akauliza,
"utapona mara thelathini?"
Nikanyamaza.
"Jambo ukishajifunza, liache lianze kutoroka.
Kisha lifuate. Kule kulifuata ndiko kunakochimba njia.
Kifuu ulikijua, mwanangu. Mpira hukuujua."
Akanifunga bega kwa plasta ileile ya ratiba.
Sikumwelewa. Nilimwitikia tu, kwa sababu ya maumivu.

Miaka kumi na minne.
Bi Haluwa alihamishiwa Hola, Mbeyu yuko Mtwapa,
mimi nauza madaftari na sare za shule.
Jana mpira wa watoto ukabingirika hadi kaunta.
Sikuwa nimegusa mpira tangu mimba ya kitindamimba wangu.
Nikatoka nao kizingitini, na khanga yangu, na ndala zangu.
Mkono ukasitasita, ukapapasa gizani,
ukakuta mlango.
Mpira ukapita juu ya kamba ya kuanikia nguo,
ukashuka pale nilipokusudia.

"Tena, mama! Tena!"
wakapiga kelele.

Nikawaambia: keshokutwa.